Mtani Kwenye Msiba wa Babu

Mtani hachukiwi. Hata amtukane marehemu, wewe cheka, lia, yaishe. Sisi Wanyamwezi tunalijua hilo tangu utotoni. Lakini baba yangu, Lukumani, alilisahau siku ya msiba wa babu, nami Sikuzani bintiye nikatamani ardhi inimeze.

Ilikuwa mwaka 1974, watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Baba, kiongozi wa chama hapa Tabora, alitaka kijiji kimoja kipya upande wa Nzega kipewe jina la babu, Mfaume. Mzee Jilala, mkubwa wa watu wa huko, alikuja kuzika, na baba alitaka akubali mbele ya waombolezaji.

Basi maiti haijatoka, Swaumu huyo! Mama wa Kizaramo, mtani wetu. Kavaa koti la babu la uaskari wa Mjerumani, fimbo mkononi, anatamba uani kifua mbele.

"Mwingereza kapata nchi! Mfaransa kapata nchi! Kaizari wangu akose, yeye mtoto wa kambo?" Sauti ya babu kabisa. "Na nyie washenzi wavivu, bila kiboko hamlimi. Tunawastaarabisha, hamshukuru! Lala chini, ule viboko hamsa ishirini!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka khanga ikaniponyoka kichwani.

Mzee Jilala hakucheka. Alijikongoja mpaka katikati ya ua, akalala kifudifudi.

"Endelea, mama," alimwambia Swaumu. "Marehemu alinilaza hivihivi kwenye njia ya misafara. Nilikuwa kijana, nimeshindwa mzigo wa Mjerumani."

Lo! Swaumu akaishusha fimbo. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, maana babu huyohuyo ndiye aliyenilea, na nilimpenda.

"Inuka, mzee, tafadhali," nilimwambia Jilala.

Baba akaja mbio. Nilidhani anakwenda kumwinua mzee. Wapi! Alimpokonya Swaumu fimbo, akamwelekezea Jilala palepale chini.

"Kijiji kitaitwa Mfaume, mtake msitake! Tunawaletea shule, tunawaletea maji, hamshukuru! Watu gani nyie, bila kulazimishwa hamwendi!"

Niliinamisha uso, nikashindwa kumtazama baba yangu mzazi. Mzee Jilala aligeuza shingo taratibu, akamwangalia baba, kisha akaliangalia jeneza mlangoni.

"Mwanangu," aliuliza, "sasa leo tunamzika nani?"