Dume Aliyeachwa Akue

Mume wangu Arvid alipasuliwa bega mwezi wa pili, na tangu hapo akawa mtu wa dirishani. Anakaa na kahawa yake, anautazama msitu ng'ambo ya mahindi ya jirani, na ukimuuliza jambo anakujibu "mm." Mimi ni mwanamke wa maneno. Nyumba yenye "mm" tupu ingeniua kabla ya siku zangu. Daktari alishasema vuli ikifika anaweza kuwinda, ila kwa upinde mwepesi, ule wake wa zamani autundike ukutani. Basi Jumamosi moja ya Agosti nikamtia kwenye pikapu nikampeleka kwa Jolene.

Jolene anauza pinde nyuma ya duka lake la chambo, kwenye ukumbi mrefu wenye shabaha za sponji mwishoni. Kwa bahati mbaya tulimkuta Selmer, kaka yake Arvid, amekalia ndoo anatafuna soseji kavu. Alikuwa ameleta upinde wake ubadilishwe ugwe. Selmer ni mtu mwema, lakini mdomo wake haujui likizo.

"Mgonjwa kaja," alisema. "Jolene, mpe ule wa pinki."

"Salamu kwanza, Selmer," nikamwambia.

"Shikamoo shemeji. Namsaidia tu ndugu yangu kuchagua."

Jolene alimpima Arvid mikono, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kwa kuwa upinde wa kapi, ule wenye vigurudumu kwenye ncha, hutengenezwa kwa mwenyewe kama kiatu. Kisha akaweka pinde mbili mezani, mmoja wa kuvutwa kwa ratili sitini, mwingine arubaini na tano.

"Huu mwepesi hautakuumiza bega, mzee Arvid. Na kulungu mshale utamtosha tu."

Arvid aliutazama kama mtu aliyeletewa uji wa mtoto. "Lete huo mwingine."

Jolene hakubishana. Alivuta kiti. "Kaa. Inua miguu isiguse chini. Haya, vuta ukiulekeza mbele, usiupandishe juu."

Kila mwindaji wa kwetu anakijua kiti hicho. Ukiwa juu ya dungu mtini na kulungu yuko chini yako, ukiupunga upinde angani atakuona, na hapo umekwisha kumkosa. Arvid alikaa, akainua miguu, akavuta. Upinde ulipanda kuelekea dari, uso ukamwiva, ugwe ukakwama nusu ya njia.

"Huyo kulungu saa hizi yuko Kanada," Selmer alisema.

Arvid aliulaza upinde mezani polepole. "Basi, Jolene. Na ule wa zamani nitakuletea uuze." Akatoka nje, akaingia kwenye pikapu, akafunga mlango.

Niliona majira yote yaliyobaki, yeye na lile dirisha. Halafu hasira ikanipanda, nikamgeukia shemeji yangu.

"Kaa wewe."

"Mimi?"

"Na ratili zako sabini unazotutangazia kila mwaka. Upinde wako si huo hapo? Kaa, inua miguu."

Selmer aliacha kutafuna. Jolene akaanza ghafla kupanga mishale iliyokwishapangwa. Selmer alikaa kwenye kiti, akashika ugwe, kisha akauachia bila hata kuuvuta.

"Verna, siwezi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na yule dume wa mwaka jana?"

Hadithi ya dume huyo tuliisikia sote kwenye chakula cha kanisani. "Nilimwacha apite," Selmer alitwambia, "bado mdogo, acha akue." Kwetu mtu akisema hivyo anaheshimiwa, na hakuna anayemuuliza zaidi. Arvid mwenyewe alimpa mkono siku ile.

"Alikuwa na matawi kumi ya pembe," Selmer alisema. "Mnyama mzee kabisa. Alisimama chini yangu anakula, mimi navuta, ugwe hauji. Alikula mpaka akashiba, akaondoka zake."

"Nyani haoni kundule," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshapoa. "Nenda ukamwambie ndugu yako."

"Atanicheka."

"Acha akucheke. Hajacheka tangu Februari."

Alitoka. Mimi na Jolene tulichungulia dirishani. Selmer aliingia kwenye pikapu, vichwa viwili vikatazama mbele kwa muda, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kisha kicheko cha Arvid kikatufikia hadi ndani. Jolene alinipa kitambaa chake cha kufutia pinde, nami nikafuta macho kwacho bila aibu.

Waliporudi, Arvid aliuchukua ule wa arubaini na tano. Akakaa, akainua miguu, akavuta. Ugwe ulikuja hadi shavuni, kapi zikageuka zikaubeba uzito, naye akatulia hapo akilenga. Mshale ukaingia kwenye sponji.

"Nipime na mimi mikono," Selmer alimwambia Jolene.

"Mpe ule wa pinki," Arvid akasema.

Jioni moja ya Oktoba Arvid alirudi msituni mikono mitupu. Alivua viatu, akaja kukaa mezani nilipokuwa nakata viazi vya supu.

"Alikuja?" nikamuuliza.

"Alikuja. Dume, matawi sita."

"Ehe?"

"Nilimwacha apite. Bado mdogo."

Nilisimamisha kisu, nikamtazama. Maneno hayo nilikuwa nimeshayakinai. Arvid akanyoosha mkono wa kushoto mbele yake, wa kulia akauvuta polepole hadi shavuni, akaushikilia hapo.

"Nilivuta mpaka hapa, Verna. Nikamlenga, nikamtazama vizuri. Kisha nikaurudisha ugwe taratibu, naye akaendelea kula."

Bega halikutetemeka. Akaanza kunieleza upepo ulivyokuwa, dume alitokea wapi, Selmer alilala vipi kwenye dungu lake, na supu ikaiva, tukala, bado anaeleza. Mimi ndiye niliyekuwa najibu "mm."