Kidole cha Mpiga Solo

Tangu Kwaresima ianze, Yotham hakutulia. Alikaa, akasimama, akakibonyeza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto mezani. Kila akikibonyeza, kiungo cha kati kilirudi nyuma kama upinde. Alipokuwa mtoto, watoto wenzake wa kijijini Litapunga walimshangilia kwa mchezo huo. Sasa alikuwa mpiga gitaa la solo wa kwaya ya kanisa la Nsemulwa, na kidole kikirudi nyuma katikati ya wimbo, gitaa lilikoroma, maumivu yakapanda mpaka kiwiko.

"Pasaka tunaenda kuimba Kasansa," alisema Sospeter, mwalimu wa kwaya. "Kama huwezi, solo ashike mwenzako Evodi."

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake akaenda hospitalini kwa Donatille, mama wa Kirundi aliyetengeneza vifaa vya wenye ulemavu. Donatille alikikunja kidole, akakinyoosha, akaguna.

"Kano zako zimelegea tangu kuzaliwa, mwanangu. Siwezi kuzikaza. Ila nitakizuia kisirudi nyuma."

Akalainisha plastiki kwa maji ya moto, akafinyanga pete mbili zilizoshikana mfano wa namba nane, akamvisha. Kidole kikakunjika mbele vizuri. Kwenda nyuma kikagoma.

Nyumbani, sauti ilitoka safi. Lakini kwenye wimbo wa haraka plastiki iligonga waya wa pili: tak, tak. Akaivua, akaitupa kitandani, akapiga bila hiyo. Kidole kikarudi nyuma, naye akapiga yowe.

"Asubuhi umeivaa, jioni umeisusia!" alisema mkewe, Hana. "Rudi kwa yule mama."

Akarudi. Donatille akapunguza kingo za pete, kisha akamwambia bila kumficha, "Zile nyimbo za haraka zitakutesa tu. Usikishindanishe kidole nazo."

Siku ya Pasaka, huko Kasansa, Yotham mwenyewe alimkabidhi Evodi gitaa kwa nyimbo mbili za mchakamchaka. Alisimama pembeni, mguu ukidunda kwa wivu. Ulipofika wimbo wa taratibu wa ufufuko, akalipokea gitaa, akavaa pete yake. Kidole kilikaa. Akina mama wa mbele wakapiga vigelegele.

Nje, Sospeter alimshika bega. "Kumbe bado upo! Na hizi za haraka ndio basi, umemwachia Evodi?"

"Mwaka huu tu," alijibu Yotham. Na tayari vidole vyake vilikuwa vikizijaribu, kimyakimya, juu ya paja.