Kamera ya Mama Pascaline

Pongo, swala wa vichakani, alikuwa anamaliza maharagwe ya Mama Pascaline, na Mama si mtu wa kunyamazia mambo. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kilima juu ya Kalemie, na kila asubuhi alikuta majani yamekatwa. Binti yake Joëlle, ambaye kazi yake ni kuhesabu wanyama huko Marungu, alimwachia kamera inayopiga picha yenyewe kila kitu kinapopita. Mama aliifunga mtini kando ya kijia. Kamba hakuiona, akatumia kitambaa chekundu.

Wiki hiyohiyo Gracieuse akaacha kuja. Huyu ni rafiki wa miaka ishirini! Kila akitoka kuchota maji alikatisha shambani, akatua ndoo, wakanywa chai huku wakiuteta mtaa mzima. Sasa siku sita, kimya. Hata kanisani alimsalimia harakaharaka na kutazama kwingine. Mama Pascaline alijiuliza amemkosea nini. Chai ya peke yake ilikuwa haishuki.

Jumapili alichomeka kadi ya kamera kwenye simu. Pongo alikuwepo, jike, na mtoto wake nyuma, wanakula bila haraka wala haya. Kisha jirani, Papa Symphorien, amevua kofia, anaiinamia kamera kama anayetubu. Mama akayakumbuka maboga yake mwenyewe yaliyoibwa mwaka jana. Kisha Gracieuse, ndoo kichwani, amesimama, macho kwenye kitambaa. Picha iliyofuata ilikuwa mgongo wake.

Hapo akaelewa, na moyo ukamuuma. Huku, ukifunga kitu chekundu shambani, watu wanajua umeweka dawa ya wezi. Alikwenda kwa Gracieuse mbio, simu mkononi.

"Miye niliona hauniamini tena," Gracieuse akasema. "Miaka makumi mbili ninapita pale, leo unanifungia njia na dawa?"

"Ile njo kamera tu, mama! Ya kutafuta nyama mwenye kula maharagwe. Angalia."

Gracieuse alimtazama pongo na mtoto wake. Kisha akautazama mgongo wake mwenyewe.

"Watakumalizia shamba."

"Wakule. Weye kesho ukuje."

Jioni ile Mama Pascaline aliifunga kamera upya kwa kamba ya mgomba. Picha ya kwanza ya Jumatatu ilikuwa ya Gracieuse, ndoo kichwani, anaipungia mkono.