Aliyeambiwa "Nakwenda Ngomeni"

"Nakwenda ngomeni, Solbjørg. Nitarudi kabla ya chakula."

Torleif alisema hivyo akifunga viatu, kama alivyosema kila Oktoba, akashika njia. Kijijini kwao, kwenye rasi ya kaskazini ya mbali, hakuna apandaye mlimani bila kuaga. Ukichelewa, wanaokutafuta wajue waanzie wapi.

Ngome yenyewe ni mahandaki ya zege waliyoyaacha Wajerumani wakati wa vita, juu kabisa, mahali pasipo hata kichaka. Alipofika tu, hali ya hewa ikachafuka. Theluji ilikuja kwa ubavu, asione hata miguu yake. Mgeni angekimbilia ndani kabisa, akatumbukia kwenye shimo la mizinga lililojaa maji. Torleif alikaa karibu na mlango, akaegemea ukuta, akamimina kahawa. Simu haikuwa na mtandao. Hakubabaika, kawia ufike. Giza likiingia, mkewe Solbjørg atamwita jirani yao Gunnvor, na Gunnvor hana dogo, atakiamsha kijiji kizima.

Kikombe kikamsimama mdomoni. Solbjørg walimzika mwezi wa tano.

Asubuhi ile alikuwa ameliaga jiko tupu. Hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyejua alipo. Angeganda pale, na wa kwanza kumkumbuka angekuwa mwenye duka, tena kwa sababu ya mkate wake uliobaki bila kuchukuliwa. Mzee mzima akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumwonea haya.

Upepo ulipopungua, alishuka polepole akishika nguzo za ua wa zamani, moja baada ya nyingine. Alifika kijijini gizani. Nyumba yake haikuwa na taa. Akaipita, akabisha kwa Gunnvor.

"Makubwa! Watoka wapi na ndevu za barafu?"

"Ngomeni."

"Kwenye dhoruba hii? Ulimuaga nani, we mzee usiyesikia?"

"Nilimuaga Solbjørg."

Gunnvor alikuwa amekwisha fungua kinywa amkaripie. Akakifunga. Akamvuta ndani kwa mkono wa koti, akamketisha karibu na moto, akamgeuzia mgongo akikoroga supu ya samaki kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi Jumamosi huingia baharini na mashua," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Tangu Arvid wangu afe, simuagi mtu."