Mti Uliopinda Ukutani

Mkurugenzi alitaka ukuta wa mapokezi uchorwe mandhari: vilima, mto, na miti iliyonyooka kama askari gwarideni. Kila mti alikuwa ameshaupangia maana. Mrefu ni maendeleo, wenye majani mengi ni faida. Nikamchorea yote. Kisha nikaongeza mmoja uliopinda, mbele kabisa, mizizi nje, gome limebanduka upande mmoja.

Mti huo ulikuwa uani pale pale, kabla hawajapafanya maegesho ya magari. Baba yangu, mtunza bustani wa ofisi hiyo, aliumwagilia miaka ishirini na sita. Walipoukata, siku tatu baadaye wakamwambia naye hana kazi. Hata ahsante hakupewa. Baba alinyamaza. Mimi sikujaliwa kunyamaza.

"Fundi, huu uliopinda maana yake nini?" Mkurugenzi aliuliza, mikono kiunoni.

"Mzee mmoja aliyefanya kazi hapa."

Alinielewa vizuri sana. Nilimwona shingo ikimvimba.

"Ufunike. Leo hii!"

"Bosi, huo ni wa rangi ya mafuta, na hii nyeupe ni ya maji. Bila kuukwangua kwa msasa kwanza, nyeupe haitashika. Na mimi baba yangu simpigi msasa."

"Hayo ni mambo yenu mafundi. Mimi sitaki kuuona tu."

"Haya. Usije ukasema sikukuambia."

Nikaupaka nyeupe mbele ya macho yake, polepole, huku nikipiga mluzi. Moyoni nilikuwa nachemka. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mbele ya ukuta ule mkuu nilikuwa mimi.

Msimu wa joto ulipoingia, simu ikalia. Nilikuwa nyumbani, baba anapalilia vitalu vyake nje ya mlango.

"Fundi, njoo haraka! Nyeupe yako inabambuka. Wageni wanajazana kuutazama huo mti!"

Nikaweka simu sauti kubwa. Baba akasimamisha jembe.

"Na mizizi imetokea?" nikauliza.

"Yote!"

"Basi mti umerudi, bosi. Na mti ukirudi unataka maji. Mimi mchoraji tu. Mwenye kuumwagilia unamjua, na yuko hapa anakusikia. Anza na samahani."