Kijivu cha Chini ya Meza

Asubuhi ile Fundi Saa alikula kiapo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anafunga vifungo vya shati. Mara ya pili walikuwa tayari wako mlangoni, mpwa wake amemshika mabega yote mawili.

"Mjomba, sema tena nisikie."

"Sitazungumza habari za meli."

"Hata moja?"

"Hata ngalawa."

Mpwa wake alikuwa muuguzi. Mjomba huyu ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa, na siku hiyo mpwa ndiye aliyekuwa anampeleka mjomba nyumbani kwa mchumba wake akajulikane. Alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Mchana mjomba alitengeneza saa za watu, lakini saa zake mwenyewe zote zilizobaki aliziingiza kwenye kuunda vimeli vidogo, mifano ya manowari za zamani. Kwenye mahafali ya uuguzi alimbana daktari mkuu ukutani robo saa nzima akimweleza tofauti kati ya kijivu chenye ubuluu na kijivu chenye ukijani. Daktari aliondoka na sahani yake ya chakula mkononi, hajala hata tonge.

Na mwaka huo hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa miaka mitatu Fundi Saa alikuwa anaunda manowari moja tu, ile ndogo iliyofagia mabomu ya baharini, ambayo ilikatwakatwa kuwa chuma chakavu kabla mpwa wake hajazaliwa. Mfano wake ulikuwa na urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mizinga aliichonga kwa mirija ya kalamu. Vyuma vya kushikilia kando ya sitaha alivikunja kwa nyaya za saa mbovu. Hata madirisha ya chumba cha nahodha yalikuwa na vioo. Kilichokosekana ni rangi tu. Picha zote za meli ile zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwenye nyaraka za zamani alipata daftari la karakana ya bandari, na humo mstari mmoja: kijivu namba kumi na nne, meli nzima. Alirudi nyumbani anarukaruka njiani. Halafu akagundua kwamba kiwanda kilichotengeneza namba kumi na nne kilikuwa kimefungwa zamani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia namba kumi na nne ilifananaje. Basi akachanganya kijivu chake. Kisha kingine. Kufikia siku ya kiapo, dirishani kwake kulikuwa na vijiti sitini na viwili, kila kimoja na kijivu chake, na majirani walikuwa wamejifunza kupita upande wa pili wa barabara.

Nyumba ya mchumba ilikuwa safi mno. Mchumba mwenyewe, mpima ardhi mrefu mwenye aibu, aliwafungulia mlango. Mama yake alikuwa ameketi mezani, mwanamke mdogo wa umbo, mgongo umenyooka kama rula. Mtaa mzima ulimwita Mama Kimya.

"Karibuni," alisema. Akanyamaza.

Chai ikamiminwa. Biskuti zikazungushwa. Mpima ardhi akasema mvua imechelewa. Muuguzi akakubali kwamba mvua kweli imechelewa. Mama Kimya akaitikia kwa kichwa. Fundi Saa alifungua mdomo, akatafuta ndani ya kichwa chake kitu chochote kisichoelea majini, asipate, akaufunga. Akakoroga chai. Akakoroga tena. Akaikoroga mpaka kijiko kikamponyoka na kuanguka chini ya meza.

"Samahani," akasema, akainama kukiokota. Asiinuke.

Kijiko alikipata papo hapo. Lakini alipokuwa anageuka, jicho lake lilipita kwenye upande wa chini wa ile meza. Juu meza ilikuwa imepigwa vanishi ikang'aa kama kioo. Chini ilikuwa ya kijivu. Tena kijivu chenyewe si kile cha kuta za ofisi wala cha milango ya gereji. Kilikuwa kizito, kimepoa, chenye ubuluu kwa mbali, rangi ya kitu kilichotengenezwa kisionekane. Fundi saa yeyote hatembei bila tochi ndogo na lensi yake ya jichoni. Akavitoa vyote viwili mfukoni, akalala chali sakafuni.

Mpwa wake aligusa mguu wake kwa ncha ya kiatu. "Mjomba, hujakiona kijiko?"

"Bado!" akajibu mjomba, kijiko akiwa amekibana kwenye meno.

"Nikusaidie?"

"Hapana! Kaa hapohapo! Endeleeni na mvua!"

Muuguzi akafumba macho. Alijua. Aliijua ile sauti, na alitamani sakafu ipasuke immeze. Mchumba wake alikuwa anatazama dari. Ndipo kiti kikasogezwa, na kabla yeyote hajasema neno, Mama Kimya akakunja gauni lake, akapiga magoti, akaingia chini ya meza.

Wakatazamana huko chini, yeye na mtu mzima mwenzake aliyelala chali na lensi jichoni. Mama Kimya akafuata mwanga wa tochi ulipoangukia.

"Hiyo ni namba kumi na nne," akasema.

Fundi Saa aliinuka kwa nguvu, akasahau yuko wapi. Vikombe vyote vinne viliruka.

"Umesema nini, dada?"

"Namba kumi na nne. Nilifanya kazi karakana ya bandari miaka kumi na moja. Nilikuwa nachanganya rangi."

"Mama," sauti ya mpima ardhi ikatoka juu, "si ulisema ulikuwa ofisini?"

"Nilisema nilikuwa bandarini. Hukuniuliza zaidi."

Fundi Saa akaanza kucheka. Akamtajia meli yake. Mama Kimya akasema anaijua, aliipaka mwenyewe, yeye na wenzake sita, kwa siku tisa. Hapo kiapo kikafa rasmi. Na juu ya meza muuguzi akaweka kichwa chake kwenye mikono.

"Sasa mbona nusu hii haifanani na ile?" akauliza Fundi Saa, akihamisha tochi. Ni kweli: upande mmoja wa meza ulikuwa na ule ubuluu, lakini upande wa pili ulikuwa mweusi zaidi, na ukikaza jicho, kuna ukijani ndani yake.

Mama Kimya akatazama pembeni kama msichana aliyekamatwa akila sukari.

"Hiyo haina namba," akasema. "Tulimaliza ubavu wa kushoto, pipa likaisha. Meli inatakiwa itoke Alhamisi, kuna wakubwa wanakuja. Msimamizi akaniambia, mama, tafuta kijivu chochote. Nikachukua nyeupe, nikachukua nyeusi, kulikuwa na ndoo ya kijani iliyobaki kwenye milango ya stoo, nikaitia yote. Tukapaka ubavu wa kulia. Msimamizi akasema, nani anaweza kuona pande mbili za meli kwa wakati mmoja? Masalia niliyokwangua pipani pamoja na mabaki ya ile ya pili nilikuja nayo nyumbani, nikapaka chini ya meza wadudu wasiile."

"Pande mbili!" Fundi Saa alikuwa anapiga ngumi sakafu. "Rangi mbili! Lakini dada, daftari linasema namba kumi na nne, meli nzima. Nimelisoma kwa macho yangu!"

"Najua linasema hivyo," akasema Mama Kimya. "Huo mwandiko ni wangu."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Walipotoka, nywele zimejaa utando wa buibui, waliamuru meza ipinduliwe. Vikombe vikahamishiwa dirishani, birika sakafuni, na wachumba wawili wakanywa chai yao wamekaa chini wameegemea ukuta, huku wazee wakizunguka miguu minne ya meza iliyoelekea juu. Mama Kimya alizungumza kwa saa tatu bila kupumzika. Mikono yake ilikwenda hewani ikipaka, ikikoroga, ikimkaripia msimamizi.

"Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivi," mpima ardhi alinong'ona. "Tangu nizaliwe."

"Mjomba wangu hajawahi kusikilizwa hivi," akajibu muuguzi, na akajikuta anacheka.

Jumatatu Mama Kimya alifika kwenye duka la saa amebeba kipande cha ubao alichokikata ukingoni mwa meza, pale rangi mbili zinapokutana, na mkebe wa brashi zake za zamani. Fundi Saa alikuwa hajalala vizuri. Hakuwa na shaka naye hata kidogo, lakini alishajua wenzake wa chama cha waunda vimeli watasema nini: ushahidi uko wapi? Akatandika picha zake zote mezani, kumi na saba, na wote wawili wakainama.

Kumi na sita zilionyesha ubavu mmoja tu. Ya kumi na saba ilipigwa kutoka mbele, mpiga picha amesimama gatini, omo, yaani pua ya meli, ikimjia usoni, mbavu zote mbili zinaonekana. Ubavu wa kulia wa meli ulikuwa mweusi zaidi.

"Hiyo naijua," Fundi Saa akasema kwa unyonge. "Ni kivuli tu. Miaka mitatu naiona."

Mama Kimya akaichukua lensi, akaibandika jichoni kama aliyezaliwa nayo. Akaipitia picha sehemu kwa sehemu.

"Hawa mabaharia waliosimama sitahani," akasema polepole. "Vivuli vyao vimelala upande gani wa meli?"

Fundi Saa akatazama. "Kushoto."

"Basi jua liko upande gani?"

"Jua liko ku..." Akaishia hapo. Jua lilikuwa kulia. Lilikuwa linaupiga ubavu wa kulia moja kwa moja, ubavu uliotakiwa kung'aa, nao ndio uliokuwa mweusi.

Yowe alilopiga lilimtoa muuza viatu wa jirani mbio na nyundo mkononi, akidhani wezi wameingia. Alimkuta Fundi Saa na mama mmoja wa heshima zake wanazunguka chumba wameshikana mikono, wanaimba, "Si kivuli! Si kivuli!" Muuza viatu akaonyeshwa picha. Akaambiwa ahesabu vivuli. Akavihesabu, akasema ndiyo, si kivuli, akarudi kwake taratibu, anageukageuka nyuma.

Kuchanganya rangi kulichukua wiki mbili, maana walianza kugombana, na waligombana kwa raha sana. Fundi Saa alitaka ilingane na ubao tone kwa tone. Walipoipaka kwenye kipande cha majaribio, kipande hicho kikaonekana kizito, kimenuna.

"Ongeza nyeupe kidogo," akasema Mama Kimya.

"Ubao hauna hiyo nyeupe!"

"Ubao uko puani kwako. Meli huonekana kutoka wapi, wewe? Kutoka mbali. Hewa inaipausha. Kimeli kidogo ni meli iliyo mbali, shemeji. Tia nyeupe."

Akatia. Wakapeleka nje juani, wakarudi nyuma hatua kumi, wakatazama. Fundi Saa akatoa leso akajifuta macho, akasingizia mafuta ya kuyeyushia rangi.

Ilibidi muuguzi na mpima ardhi waje wenyewe dukani kuuliza kama harusi bado ipo. Ilikuwepo, na ilifana. Bwana harusi alimsindikiza mama yake kwa fahari. Mama mwenyewe alikuwa na kijivu chini ya kucha, na mjomba wa bibi harusi alikuwa na kijivu kilekile sikioni. Picha za harusi zipo, na kwenye nyingi wawili hao hawatazami kamera. Wanaonyeshana jambo hewani kwa vidole.

Maonyesho ya chama yalifanyika mwezi uliofuata, katika ukumbi wa shule. Jaji wa rangi alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, mtu makini, mwenye miwani miwili kifuani. Alifika kwenye manowari, akautazama ubavu wa kushoto, akaguna kwa kuridhika. Akazunguka. Akatazama wa kulia. Akaandika: pande hazilingani, alama tano zipunguzwe.

"Mwalimu," akasema Mama Kimya, "hazikulingana."

"Mama, daftari la karakana liko wazi kabisa."

"Mwandishi wake alidanganya. Aliamriwa."

"Na wewe umejuaje?"

"Nipe kalamu."

Akaandika kwenye karatasi ya jaji, chini ya zile alama tano: kijivu namba kumi na nne, meli nzima. Jaji aliutazama mwandiko. Mkia wa herufi j uliopinda kama ndoano ya samaki aliujua, maana daftari lile naye alikuwa amelipekua kwa miaka. Uso wake ukabadilika. Fundi Saa, asiyeweza kusimama mahali pamoja, akamsukumia picha na kusema, "Vivuli, mwalimu! Wewe mtu wa fizikia, tazama vivuli!"

Mwalimu akabadilisha miwani. Akageuza picha. Akanyoosha kidole kuelekea liliko jua la pichani, akakishusha, akakinyoosha tena. Halafu akaketi kwenye kiti cha mtoto wa shule, magoti yakamfika kidevuni, akaanza kucheka kicheko chembamba kisichokwisha.

Adhabu ya alama tano aliifuta. Akaongeza alama nyingine ambazo hazikuwemo kwenye kanuni. Kikombe kilikwenda kwa mtu mwingine, aliyeunda meli kubwa yenye taa zinazowaka, na Fundi Saa alimpigia makofi kuliko wote. Hakuwa na muda wa kuhuzunika. Jaji alikuwa ameinama sikioni mwa Mama Kimya anamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba siri, lile tishari la kuvuta meli, bomba lake la moshi lilikuwa jekundu au la rangi ya kutu?

"La kutu," akasema Mama Kimya. "Jekundu lilikuja baadaye, baada ya ajali ya ndoo."

"Ajali ya ndoo?"

Watu walisikia. Mmoja akasogea na daftari, wa pili akasogea na picha, na punde si punde foleni ilifika mlangoni. Mama Kimya aliletewa kiti chenye mto na glasi ya maji. Fundi Saa alisimama kando yake, shati limetoka kwenye suruali, anapanga watu mmoja mmoja na kuwauliza majina ya meli zao.

"Mmoja mmoja, jamani," alikuwa anasema, uso wote meno. "Atawajibu wote. Mama huyu anaongea!"