Samaki wa Ma Tinelle

Ma Tinelle alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo la kukisia tu. Alikwisha kuanguka kwenye ngazi za nyumba yake, na binti yake Ismay akaapa kwamba mama hataanguka tena akiwa peke yake. Angemjengea nyumba isiyo na ngazi, wakae pamoja.

Lakini bibi yule mbishi! "Sihamii penye tangi linalokauka," alisema. "Nikazeeke nikiomba maji kwa watu? Thubutu!"

Kisiwa cha Carriacou hakina mto. Kiangazi kikiingia, kila nyumba hunywa mvua iliyokingwa paani na kuhifadhiwa tangini. Katika tangi la Ma Tinelle waliishi samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mumewe marehemu ndiye aliyewatia, na mpaka leo walikuwa wakizaana. Samaki hai maana yake tangi halijawahi kukauka, na kwa hilo bibi alijivuna mpaka kanisani.

"Chimba tangi kubwa kuliko yote hapa kijijini L'Esterre," Ismay alimwambia shemeji yake Cosmos, aliyekuwa fundi mwashi.

"Shemeji, huu ni mwamba, si keki!"

"Chimba."

Akachimba huku akinung'unika. Kando yake ikasimama nyumba isiyo na ngazi. Mvua zikaja, zikatandaa chini ya shimo lile pana, kina kikaishia magotini. Ismay akatia samaki alioomba kwa mama yake. Pasaka ilipofika tangi lilikuwa kavu, na samaki wamekufa wote.

"Umeniulia samaki," alisema Ma Tinelle. "Marehemu baba yako alitazama paa kwanza, ndipo akachimba. Wewe umenunua sufuria ya harusi, unga kibaba!"

Ismay alilia jikoni, akalia kweli, kwa aibu na kwa hofu ya zile ngazi. Kisha akajifuta uso, akamfuata Cosmos.

"Tulifukie nusu?" Cosmos aliuliza.

"Halifukiwi kitu. Tunaongeza paa."

Wakazungushia nyumba kibaraza kila upande, wakaezeka hata banda la mbuzi, na mifereji yote wakaielekeza tangini. Majirani walikufa kwa kicheko. "Ismay, nyumba yako imevaa kofia ya baba yake!" Ismay alishika nyundo, akapigilia bati pamoja na mafundi.

Mvua zilizofuata zilijaza tangi hadi likafurika. Ismay akaomba samaki tena, mama akampa kwa shingo upande. Kiangazi kikaja, kikali, mpaka mbuzi wakala maboksi. Mawingu ya kwanza yalipoonekana tena baharini, Ismay alimshika mama mkono, akamfikisha kwenye mdomo wa tangi, Cosmos nyuma yao.

Ma Tinelle akainama. Hakuona kitu. "Nipe mkate."

Akaufikicha, akaudondosha gizani.

"Mama, maji yapo, mimi nime—"

"Nyamaza! Na wewe Cosmos, acha kupumua kama ng'ombe."

Wakasikiliza. Ismay alijikuta ameshika ukuta kwa mikono miwili. Kisha huko chini, juu ya maji, vikasikika vidomo: top, top, top.

Bibi akajinyoosha polepole, akapangusa makombo kwenye gauni.

"Leteni kitanda changu," alisema. "Na ndoo. Wale wangu waliobaki kule siwaachi."